Geuza Kopo

Kadutu, kabla ya kununua unga,
geuza kopo.
Mama alinifundisha hivyo nikiwa na miaka saba:
ingiza mkono, papasa tako lake kwa ndani,
maana wapo wanaoligonga kwa nyundo usiku
likavimba kuelekea juu,
na robo ya chakula chako ikabaki guniani mwao.
Muuzaji mwema hakasiriki.
Anakupa kopo mwenyewe, anatazama pembeni,
anahesabu noti zake.

Sijapata maelezo mengine ya kazi yangu.
Wakiniuliza, Unaandika nini usiku kucha
humo chumbani juu ya duka la dawa,
wewe na Cishugi na ile kompyuta yenye ufa?
nasema: kopo la kura.
Kila mstari wa msimbo tumeuanika nje.
Njoo na mkono wako.

Na mikono ilikuja.
Mtu wa Kisangani, hatujawahi kuonana,
alitutumia mistari mitatu saa nane za usiku
na neno moja: Panavuja.
Kweli palivuja. Tulikuwa tunachanganya kura
kama mtu anayechanga karata huku akizichungulia.
Tukaanza upya. Umeme wa Ruzizi ukaondoka,
tukaendelea kwenye karatasi, kwa tochi ya simu,
mvua ikitwanga mabati
hata tusisikiane tukitukanana.

Jumamosi tukashuka sokoni kulijaribu.
Chama cha wauza sambaza kilikuwa kinachagua mweka hazina:
wanawake sitini na wawili, viti vya plastiki,
watoto wawili wamelala ndani ya beseni.
Nikaeleza kwa fahari.
Ukishapiga kura, mashine itakupa kikaratasi
chenye namba yako na jina ulilochagua,
ukakilinganishe na orodha ukutani.
Hakuna atakayekuibia.

M'Birindwa hakusimama. Aliendelea kupunga nzi.
"Hicho kikaratasi," akasema,
"nikifika nyumbani, mume wangu akisema kilete?
Na huyu anayetukopesha mtaji,
akikaa pale mlangoni, akataka kuviona
kimoja kimoja?"

Hata Cishugi, mwenye jibu la kila kitu,
alitazama viatu vyake.
Miezi mitano tulikuwa tunailinda kura na mwizi.
Hatukuilinda na mwenye nyumba.

Tulipanda kilima bila kusemezana,
matope ya juzi yakitushika visigino.
Usiku ule nikafuta mistari mia nne na kumi.
Mingine nilikuwa naipenda.
Kuna mmoja niliuandika siku dada yangu alipojifungua,
nao ukaenda.

Sasa kikaratasi kinasema tu: imo.
Kura yako imo, imehesabiwa, hesabu hii hapa, ikague.
Kilichomo ndani yake hakimwambii mtu.
Wewe mwenyewe huna cha kumwonyesha yeyote
ila mdomo wako,
na mlangoni, dada, danganya upendavyo.

Kwenye daftari la mabadiliko, ambalo yeyote
popote alipo anaweza kulifungua,
penye nafasi ya jina la aliyegundua kosa,
Cishugi aliandika:
M'Birindwa, muuza sambaza, Kadutu.

Nilishuka kumsomea.
Akauliza kama kuna malipo.
Nikasema hapana, hata sisi hatulipwi.
Akacheka mpaka akashika mbavu, akaita majirani,
akawaonyesha vijana wawili wanaofanya kazi ya bure
ya kuficha mambo hadharani.
Halafu akanipimia sambaza, kopo moja la kunipa,
nami, kwa mazoea tu, mkono ulienda wenyewe,
kabla hajajaza
nikalipapasa tako.

Hakukasirika.